Maziwa Yaliyokula Unga

Mjukuu wangu Kezron alianza kucheua maziwa akiwa na wiki tatu, na siku ileile nilijua dawa yake. Sikukisia, nilijua. Ukikaa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uwanga, ukisuuza mizizi, ukichekecha, ukiupitisha unga kati ya vidole viwili ili useme huu ni daraja la kwanza na huu ni wa kukazia kola za mashati, huwezi kuja kubabaishwa na maziwa. Kitu chepesi ukitaka kiwe kizito unatia uwanga. Huku kisiwani kwetu, chini ya mlima Soufrière, mizizi hiyo ndiyo iliyotujengea nyumba na kutusomeshea watoto. Wanangu wote wanne walinywa uji wake kabla hawajaweza kukaza shingo, na leo mmoja wao ni polisi ambaye akitaka kupita mlangoni kwangu inabidi ajipinde.

Kezron hakuwa mgonjwa wa kulialia. Alinyonya kwa pupa, akatulia, akakuangalia vizuri usoni, kisha akarudisha alichokunywa. Alikirudisha begani kwangu, kitandani, kwenye shuka lililotoka kuanuliwa, na Jumapili moja kwenye tai ya mchungaji aliyekuja kumwombea. Baada ya hapo yeye alilala. Aliyelia ni mama yake.

Mama yake ni Shernelle, kitinda mimba wangu. Anafanya kazi uwanja wa ndege kule Argyle, anakagua mabegi ya watu, na alikuja kujifungulia kwangu. Likizo yake ikiisha palikuwa na njia mbili. Ama wangebaki hapa, yeye adamke alfajiri kwenda kazini, mimi nishinde na mtoto. Ama wangehamia Kingstown kwa Verlene, bibi yake Kezron upande wa baba, ambaye kutoka kibarazani kwake unaliona geti la hospitali. Baba mwenyewe, Dexroy, yuko melini anakaanga mayai ya watalii, na katika jambo hili alikuwa na neno moja tu: "Mtakavyoona nyinyi."

Verlene alikuwa ameshaona. Kila asubuhi alipiga simu.

"Mkwe, leo kacheua?"

"Mara moja tu."

"Mara moja ya ngapi? Maana nasikia kamwogesha mchungaji. Mkwe, mtoto wa hivyo huwekwa karibu na madaktari. Huko kwenu mna nini? Mlima na mbuzi."

"Tuna hewa safi."

"Hewa haijawahi kumshushia mtu maziwa. Na usianze na huo uwanga wako, mimi nautumia kwa sketi za shule tu."

Sketi za shule! Nilikata simu nikisingizia mtandao.

Niseme ukweli, niliogopa. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na tangu mume wangu afariki nilikuwa nalala kimoja na kufagia viwili. Sasa palikuwa na nepi kwenye kamba, na mtu wa kunijibu nikisema. Nilitaka wabaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilivyoona mimi kitu cha kuwabakisha kilikuwa kimoja, Kezron aache kutapika.

"Mama," Shernelle akaniambia siku moja jikoni, "naona unavyolitazama hilo kopo la uwanga. Sitaki."

"Nimesema nini mimi?"

"Hujasema. Ndiyo maana nakuwahi. Nesi kasema maziwa yangu peke yake, hakuna kingine mpaka miezi sita. Usimtilie mwanangu unga."

"Wewe ulitiliwa."

"Na mpaka leo nikila maharage tumbo linanguruma."

"Hiyo ni kwa sababu unakula mbio kama unafukuzwa."

Akacheka, nami nikacheka, na nikamwahidi. Mungu anisamehe, niliahidi huku nimeshachagua kijiko nitakachotumia.

Shernelle alikuwa anakamua maziwa kwa pampu ndogo ya mkono na kuacha chupa kwenye jokofu, ili mchana alale kidogo mimi nikimlisha mtoto. Saa hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Nilichemsha maji, nikakoroga kijiko kimoja cha uwanga wa daraja la kwanza, ukawa ute mzito unaong'aa. Nikauacha upoe, nikauchanganya na maziwa yaliyopashwa moto. Chuchu ya chupa niliipanua tundu kwa sindano ili kitu kipite. Nikaiinamisha chupa, na maziwa yakajikokota kama mzee aliyeitwa kwenye kikao asichokitaka. Nilijisikia raha! Nikaenda kumbadilisha Kezron nepi, na kwa vile yule mtoto hujisaidia tena ukishamfunga, nikakawia kama dakika kumi.

Niliporudi, maziwa yalikuwa mepesi. Si mepesi kidogo. Niliinamisha chupa na yakanimwagikia kiganjani kama maji ya bomba.

Nikasema nimekosea kipimo. Kesho yake nikatia vijiko viwili, na mambo yakawa yaleyale. Keshokutwa nikatia vitatu, na chupa ilipotoka mikononi mwangu ungeweza kusimamisha kijiko ndani yake. Kabla Kezron hajamaliza kubadilishwa, ilikuwa maji. Nikamlisha hivyohivyo, maana kutupa maziwa ya mama ni dhambi. Tundu la chuchu lilikuwa kubwa na maziwa mepesi, basi alimeza kwa mafunda makubwa, akameza na hewa juu yake. Wiki ile alicheua kuliko wiki zote. Shernelle akakonda uso.

"Alhamisi ni kliniki," alisema. "Kama hajaongezeka uzito, mama, siwezi kusubiri zaidi. Nakwenda naye Kingstown."

Mtu mwingine hapo angeyashuku maziwa, au angemshuku bibi. Mimi ni mtu wa kiwandani, na mtu wa kiwandani akiona ute haushiki anajua kosa liko kwenye unga. Niliupitisha vidoleni, nikaulamba, nikaunusa. Ulikuwa laini, lakini akili yangu ilikuwa imeshahukumu. Nikasema hawa vijana wa siku hizi wameuchanganya na muhogo. Huku kwetu ukitaka kumtukana mtu wa uwanga vizuri, hilo ndilo tusi lenyewe.

Jumanne asubuhi nikamwachia Shernelle mtoto, nikasema naenda kuangalia mahindi yangu. Nikatia kopo kwapani na chupa ya maziwa mfukoni mwa aproni, nikashuka kiwandani.

Msimamizi sasa hivi ni Cuthbert, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuchekecha. Nilimkuta kwenye vyumba vya kukaushia, katikati ya trei za unga.

"Cuthbert! Lini mmeanza kutuuzia muhogo?"

Akina mama waliokuwa wanapindua unga wakanyanyua vichwa wote kwa pamoja. Cuthbert akaweka reki chini taratibu.

"Bi Icilma, shikamoo. Nimesikia neno muhogo au masikio yangu?"

"Umesikia. Unga wenu haushiki. Dakika kumi tu, maji matupu."

"Bi Icilma, mimi kila nikilala nakuota unanipiga vidole kwa sababu ya chembe moja ya mchanga. Nitathubutuje kutia muhogo?"

"Basi tupime."

"Tupime. Njooni nyote mshuhudie, nisije nikafukuzwa kazi kwa maneno ya barabarani."

Wakaleta jiko na sufuria. Cuthbert akachota uwanga kutoka kopo langu mwenyewe, akapika ute, akaugawa kwenye vikombe viwili. Cha kwanza akatia maziwa ya kopo, yale wanayonywea chai. Mimi nikamimina maziwa yangu kwenye cha pili. Akakoroga vyote, vikashika sawasawa, akapachika kijiko kila kimoja na vijiko vikasimama.

"Unaona?" akasema.

"Ngoja," nikasema.

Tukangoja. Watu wote walisimama mikono viunoni wanaangalia vikombe viwili, na mashine peke yake ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Kwenye dakika ya tano kijiko cha kikombe changu kikaanza kuinama. Kwenye dakika ya nane kikalala ukingoni. Cha maziwa ya kopo kilisimama palepale, na nadhani mpaka leo kingekuwa kimesimama.

"Mama yangu weee!" akasema Thelca wa kwenye chekeche. "Maziwa yamekula unga!"

Cuthbert akachovya kidole kwenye kikombe changu, akakitazama kikichuruzika. "Unga huohuo mmoja, Bi Icilma. Kosa haliko kwetu. Haya ni maziwa ya nini?"

Hapo ndipo nilipogundua nimejiingiza wapi. Nikaanza kukifunika kopo langu haraka, kifuniko hakiingii.

"Ni ya Shernelle?" Thelca akauliza polepole. "Bi Icil, unamtilia uwanga mtoto wa wiki sita? Shernelle anajua?"

Nilikusanya kopo langu na chupa yangu, nikawatakia kazi njema, nikaondoka na uso umenishuka hadi kwenye viatu. Sikuomba hata radhi kwa neno la muhogo. Kutoka kiwandani hadi kwangu ni mwendo wa robo saa, na kupanda kile kilima sikupitwa na mtu. Lakini habari za kijiji chetu hazina haja ya miguu, zina simu.

Nilimkuta Shernelle amekaa kwenye ngazi za mlangoni, Kezron begani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mahindi yako hayajambo?"

"Shernelle, mwanangu..."

"Mara ngapi?"

"Siku sita."

"Siku sita nalia humu ndani, nasema maziwa yangu yana nini, mwili wangu una nini. Nawe umenikalia hapo unanipoza kwa chai." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa nepi. "Uliniahidi, mama."

Nilitamani anitukane. Akaingia ndani, nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa, kisha sauti yake kwenye simu: "Bi Verlene? Ndiyo. Jumamosi, ukipata gari."

Alhamisi nilikwenda nao kliniki, natembea hatua tatu nyuma kama mtu asiyewajua. Nesi wetu anaitwa Ollivierre, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu wa bandarini. Alimvua Kezron, akamweka kwenye mizani. Shernelle akafumba macho, nami nikayatoa yangu yote.

"Kazaliwa na kilo tatu na gramu mia moja," nesi akasoma kwenye kadi. "Leo kilo nne na nusu." Akamwangalia mtoto, akamwangalia mama. "Nani kakwambia huyu anaumwa? Huyu haumwi, huyu anazidishiwa. Anakunywa mpaka inafika kooni, inayobaki anawarudishia wenyewe. Kwenye kucheua anakohoa mpaka anabadilika rangi? Damu? Anakataa titi?"

"Hapana, nesi."

"Yakitokea hayo, au akianza kurudisha kwa nguvu mpaka yanaruka mbali, mlete mbio hata kama ni sikukuu. Vinginevyo hiki ni kicheuo cha kawaida, kilango cha tumbo bado kichanga. Atakiacha mwenyewe akianza kukaa." Kisha akanigeukia, na nikajua maneno ya Thelca yamefika hadi huku. "Na wewe, Bi Icilma. Nasikia umefungua maabara kiwandani."

"Nesi, nieleze kitu kimoja tu kisha unitukane unavyotaka. Kwa nini hayashiki?"

Nadhani swali langu lilimpendeza, maana alivuta kiti akakaa.

"Maziwa ya mama yana kinu chake ndani. Sikioni wala hukioni, lakini kimo, na kazi yake ni kusaga wanga. Ukitia uwanga kitausaga. Unga wa mchele, wa mahindi, wowote. Maziwa ya kopo hayana kinu hicho, ndiyo maana kijiko chako kilisimama. Wewe ulikuwa unashindana na kinu, Bi Icilma."

Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kinu, na sikujua kwamba mwanangu amebeba kingine kifuani. Niliwaangalia wote wawili, Shernelle na yule mtoto, na nikaona heshima imenijia mwilini, kama mtu aliyeingia kanisani bila kujiandaa.

"Kwa hiyo cha kuyafanya mazito hakuna," nikasema.

"Kipo. Kuna kingine kinatengenezwa kwa mbegu za mti wa karobu, hicho kinu hakikiwezi. Lakini hicho ni cha mtoto aliyeshindwa kuongezeka, na anayekiandika ni daktari, na anapima, maana mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa njiti, ukimtilia vizito ovyo unaweza kumharibu utumbo. Kinachomfaa huyu wako ni bure. Maziwa kidogo, mara nyingi. Abeue katikati. Ile chuchu ya chupa, maana lazima uliitoboa ndipo ute upite, itupe baharini. Na akishakula mshike wima, kifuani, dakika thelathini. Si kumrusharusha, si kumlaza kwenye kiti, si kumbeba huku unakoroga chungu. Umekaa, naye yuko wima, nusu saa. Kila mlo."

Shernelle akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne, ila hakikuwa kizuri. "Nesi, mama yangu hajawahi kukaa nusu saa tangu azaliwe. Hata kanisani anatoka kuangalia jiko."

Njiani nikamwambia, "Basi mtoto mzima. Hakuna haja ya Kingstown."

Alisimama. "Mama, kilo siyo shida tena. Shida ni kwamba nitakuwa Argyle, nimeshika begi la mtu, nawaza wewe huku unampa nini. Kwa Bi Verlene sitawaza hivyo. Najua unampenda. Siwezi kufanya kazi na hofu." Akaendelea kutembea, nami nikawa hatua tatu nyuma tena.

Ijumaa nilijizuia mdomo. Jumamosi nikaamka nimeamua kwamba kama wanaondoka, wataondoka wameshiba, na Verlene atakula kitu ambacho hatakisahau. Uani kwangu nina jiko la mkaa. Nilibandika supu ya nyama ya chumvi na mbaazi, na juu yake nikatayarisha madonge ya uwanga, yale madogo meupe ambayo yakiiva yanang'aa na kuteleza. Si jambo la kujisifu, lakini watu hutoka vijiji vitatu kwa madonge yangu. Nilitaka nimwone Verlene akiomba kijiko cha pili, halafu nimuulize habari za sketi za shule.

Shernelle alikuwa ameshamnyonyesha Kezron. "Mama, nishikie, Bi Verlene kapiga simu, gari limefika barabarani hawaijui njia. Nawafuata."

Akamweka kifuani kwangu, wima. Begi lilikuwa mlangoni limefungwa. Nikakaa kwenye kiti cha baraza, mbele ya saa ya ukutani ambayo kiwanda kilinipa siku ya kustaafu na ambayo sikuwahi kuitazama ila kuifuta vumbi. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

Dakika kumi za mwanzo zilinipita vizuri. Kezron alibeua, akaweka shavu lake kwenye shingo yangu, pumzi yake ikawa inanigusa hapa chini ya sikio. Kisha nikasikia supu ikianza kuongea. Mpishi anajua sauti ya chungu kinachokaribia kukaukiwa. Jiko lilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Hatua sita kwenda, maji kikombe, hatua sita kurudi, nani angejua?

Nikasogea ukingoni mwa kiti. Kezron akaguna na kuchezesha mdomo, ile namna anayofanya kabla ya kucheua. Nikarudi nyuma, nikakaa.

Harufu ikaja. Mbaazi ndizo zinazotangulia kuungua, halafu nyama. Madonge yangu, niliyoyafinyanga tangu alfajiri moja moja, nikayasikia yakishika chini. Moshi ukapanda juu ya ukuta wa ua, mweusi, wa kuonwa na kijiji kizima. Jirani akapiga kelele kutoka kwake, "Bi Icil! Chungu chako!" Nikamjibu naona, na kama anataka akakitoe mwenyewe. Alikuwa kibandani anaoga. Basi kikaungua.

Nilisikia miguu inakimbia. Shernelle akatokea getini mbio, viatu mkononi, na nyuma yake Verlene anahema, kofia imempinda.

"Mama! Mama, kuna nini? Moshi wote huu!" Akatuona. Akasimama. "Mama, chungu kinaungua."

"Nakiona."

"Mbona umekaa?"

Nikatazama saa. "Bado dakika kumi na moja."

Verlene alifungua mdomo. Namjua, alikuwa na maneno tayari, mazuri kabisa, na siku ile nilistahili kila moja. Akalitazama jiko, akanitazama mimi na mtoto, kisha akavua kofia yake nzuri, akaishikia chungu kama kitambaa, akakiepua na kukiweka chini. Akachungulia ndani.

"Mkwe," akasema, "haya yalikuwa madonge?"

"Yalikuwa."

"Ya uwanga?"

"Daraja la kwanza."

Akatafuta kijiko, akachokoa moja juu kabisa ambalo halijashika moto sana, akapuliza, akatafuna. Akatafuna kwa muda mrefu. "Ukilipika ukiwa umesimama," akasema, "nitakuja tena."

Shernelle hakucheka. Alikuwa bado amesimama palepale, ananitazama kama vile hajawahi kuniona nimekaa, na labda kweli hajawahi. Macho yalimjaa maji. Akapita mbele yetu, akalichukua begi pale mlangoni. Nikajua ndiyo basi, na nilikuwa siwezi hata kunyanyuka kumzuia, zilikuwa zimebaki dakika nane.

Akaingia nalo ndani. Nikasikia likitupwa kitandani, kisha zipu, kisha droo ya kabati ikivutwa, ile inayogoma.

"Bi Verlene," akaita kutoka chumbani, "utatusamehe kwa usumbufu wa gari. Lakini Jumamosi nyingine njoo mapema, ule kitu kizima."

Verlene akavuta kiti, akakaa kando yangu kuitazama saa. Kezron akacheua kidogo, kama kijiko kimoja, kwenye blauzi yangu mpya. Nikamwacha hivyohivyo.